Hajaiva, Mpaka Asaini

Katikati ya Machi 2019, klabu ya besiboli ya Chicago White Sox ilimshusha Eloy Jiménez ligi ndogo. Kijana alikuwa na miaka 22, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, na msimu uliotangulia alikuwa amepiga mipira 22 nje ya uzio katika ngazi mbili za juu kabisa za ligi hizo ndogo, kwa wastani wa .337. Kama hujui besiboli, chukua tu hivi: huyo ni mwanafunzi anayepata A kila somo halafu anaomba karatasi ya ziada. Klabu ikasema bado kuna mambo ya kunoa. Hajaiva.

Zaidi kidogo ya wiki moja baadaye, Jiménez akasaini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 43. Msimu ulipofunguliwa mwisho wa mwezi huohuo, alikuwa uwanjani, ligi kuu, siku ya kwanza kabisa.

Sasa niambie wewe. Katika hizo siku chache aliiva vipi? Alivundikwa kama ndizi? Alifunikwa kwa gunia na kuwekewa moshi? Bati lake lilikuwa lilelile, miguu ileile, na ule ulinzi wake uliosemekana una kasoro ulikuwa na kasoro zilezile. Kilichobadilika ni sahihi. Alipokuwa hajasaini alikuwa mbichi, na wino ulipokauka akawa mbivu. Na mwaka huo, yule kijana mbichi alipiga mipira 31 nje ya uzio.

Nimeanza na Jiménez kwa sababu kesi yake ni fupi na haihitaji mwanasheria. Watu wengi wanaofuatilia Major League Baseball, hata hapa kwetu ambako wasee wanakesha na mechi za NBA na wanaiona besiboli kama kriketi iliyopotea njia, wanaamini kwamba kupandishwa kwa mchezaji ni uamuzi wa makocha. Kwamba kuna mzee mmoja mwenye kofia na daftari anamtazama kijana akipiga, anatikisa kichwa, anasema, “Huyu yuko tayari.” Wazee hao wapo, na wengi wao ni wajuzi wa kweli. Lakini tarehe ya kupanda haiandikwi na wao. Inaandikwa ghorofani, na mtu mwenye kalenda.

Hiyo kalenda inafanya kazi hivi. Mchezaji wa ligi kuu hana uhuru wa kuuza kazi yake kwa anayemtaka mpaka atimize miaka sita ya utumishi. Miaka mitatu ya kwanza, kwa kawaida, klabu inamlipa kiwango cha chini au kilicho karibu nacho, hata akiwa ndiye bora duniani. Miaka mitatu inayofuata mshahara unaweza kuamuliwa na wasuluhishi. Baada ya hapo ndipo anaingia sokoni. Na “mwaka” katika hesabu hii si mwaka wa mama na baba. Msimu una siku 183 hadi 187 hivi, na mwaka wa utumishi ni siku 172. Ukifikisha 172, umepata mwaka. Ukifikisha 171, huna mwaka, una siku 171.

Ukishaelewa hapo umeelewa kila kitu. Klabu ikimzuia kijana wiki mbili tu mwanzoni mwa msimu, inampoteza kwa mechi chache za Aprili, mwezi ambao nusu ya viwanja vya kaskazini bado vina baridi ya kukausha vidole. Inachopata ni mwaka mzima wa ziada mwishoni, mwaka wa saba, wakati kijana ameshakuwa mwanamume na yuko kwenye kilele cha kazi yake. Wiki mbili za Aprili kwa mwaka mzima. Hata mtoto wa darasa la tatu angefanya biashara hiyo.

Kris Bryant ndiye aliyefanya dunia ione hesabu hii ikiwa uchi. Chicago Cubs walimchagua namba mbili mwaka 2013. Machi 2015, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, alipiga mipira tisa nje ya uzio, kuliko mtu mwingine yeyote katika vilabu vyote 30. Tarehe 30 Machi, klabu ikampeleka Iowa, ngazi ya Triple-A. Sababu? Ulinzi wake kwenye kona ya tatu ulihitaji kazi zaidi. Cubs wakacheza mechi nane bila yeye. Tarehe 17 Aprili wakamwita.

Hesabu mwenyewe, kuanzia tarehe 17 Aprili mpaka msimu ulipokwisha tarehe 4 Oktoba. Ni siku 171.

Moja. Walimnyima siku moja. Si kumi, si wiki. Kama ulinzi wake ulikuwa tatizo la kweli la kiufundi, ni miujiza gani iliyofanya tatizo hilo litatuke asubuhi ileile ambayo kalenda iliruhusu? Kocha gani duniani anajua kwamba mguu wa kushoto wa mchezaji utakaa sawa tarehe 17 na si tarehe 16? Mwaka huo Bryant akawa mchezaji mchanga bora wa National League. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi hiyo nzima, na Cubs wakachukua World Series yao ya kwanza tangu 1908. Yaani watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka, wakafa wakiingoja, na aliyesaidia kuileta ni yule kijana ambaye hakuwa ameiva.

Chama cha wachezaji kilipeleka malalamiko. Yalikaa miaka zaidi ya minne. Januari 2020 msuluhishi akaamua kwamba Cubs hawakuvunja mkataba. Na hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu kila nikiandika juu ya jambo hili kuna mtu atakuja kuniambia, “Lakini boss, hawakuvunja sheria.” Sijasema walivunja. Naamini kabisa hawakuvunja. Sheria iliandikwa ikiwa na mlango nyuma, na wao wakapita kwa mlango. Ugomvi wangu ni kwamba walipopita walisema wanaenda kumfundisha kijana kudaka mpira.

Kisha utamu wa mwisho. Ule mwaka wa ziada ambao Cubs waliupata kwa siku moja ya 2015 uliangukia 2021. Julai mwaka huo, wakiwa hawana mpango tena naye, wakamuuza Bryant kwa San Francisco Giants. Wakapewa nini? Vijana wawili wa ligi ndogo. Kwa maneno mengine, walimfungia kijana ili wapate mwaka, kisha wakauza mwaka huo ili wapate vijana wengine wa kufungia. Ng'ombe anazaa ndama, ndama anakamuliwa, maziwa yananunua ng'ombe.

Najua unachofikiria. Bryant alipewa bonasi ya dola milioni 6.7 siku aliposaini, na mwaka 2022 akapata mkataba wa dola milioni 182 kule Colorado. Tumlilie huyo? Rent ya Kasarani inalipwa na machozi gani? Sawa, hoja imefika. Sikuombi umhurumie Bryant. Nakuomba uone kwamba kama mtu mwenye wakala bora Marekani, mwenye chama chenye nguvu, mwenye jina linaloimbwa uwanjani, anaweza kuambiwa uongo mweupe peupe na asifanyiwe lolote, basi fikiria yule kijana asiye na jina ambaye bonasi yake iliisha kwenye matibabu ya nyanya yake.

Huyo ndiye ninayemfikiria ninaposoma ile orodha ya kila siku ya uhamisho wa wachezaji. Vilabu vyote vinaitoa, mstari mmoja kwa kila mtu. Fulani amepandishwa kutoka Triple-A. Fulani ameshushwa. Fulani ameondolewa kwenye orodha ya watu 40 na klabu ina siku saba za kumuuza, kumwacha achukuliwe na mwingine, au kumrudisha chini. Fulani ameachwa. Hakuna sababu, hakuna umri, hakuna neno la asante. Unaisoma kama orodha ya matanga kwenye redio ya zamani, jina kisha jina.

Nyuma ya kila mstari kuna pesa ambazo si za kubahatisha. Mwaka 2023 mshahara wa chini wa ligi kuu ulikuwa dola 720,000, nao huhesabiwa kwa siku, karibu dola 3,870 kila kukicha. Mwaka huohuo, baada ya mapambano nitakayoyagusa, kiwango cha chini cha Triple-A kilifika dola 35,800 kwa mwaka. Piga hesabu: siku kumi juu zinazidi mwaka mzima chini. Kwa hiyo mstari unaosema “ameshushwa”, ambao meneja anauandika akinywa kahawa, kwa mchezaji ni mshahara wa mwaka unaoingia au kutoka. Na kanuni zinaruhusu mtu aliye kwenye orodha ya 40 kupandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisima, kwa misimu mitatu, bila yeye kuulizwa. Zamani hakukuwa na kikomo cha mara ngapi kwa msimu. Tangu 2022 ni mara tano. Wakasema hayo ni maendeleo.

Na hawa wa Triple-A ni wenye bahati. Shuka chini zaidi. Kabla ya 2023, kijana wa ngazi ya mwanzo kabisa alilipwa dola 4,800 kwa mwaka. Wa Single-A, 11,000. Wa Double-A, 13,800. Hiyo ni Marekani, si Gikomba. Walilala wanne kwenye nyumba ya chumba kimoja, kwenye magodoro ya kujaza upepo, kisha asubuhi wakatakiwa kupiga mpira unaokuja kwa kilomita 150 kwa saa. Mazoezi ya kabla ya msimu hawakulipwa kabisa. Baadhi yao walikwenda mahakamani mwaka 2014 kudai kima cha chini cha mshahara, kitu ambacho mfagiaji wa uwanja uleule alikuwa nacho. Wenye vilabu walijibuje? Walikwenda Bunge la Marekani. Machi 2018, ndani ya mswada wa bajeti wa kurasa zaidi ya 2,200, kikaingizwa kipengele kidogo kilichowatoa wachezaji wa ligi ndogo kwenye malipo ya saa za ziada. Kipengele hicho kilipewa jina la kuokoa mchezo wa taifa. Kuuokoa kutoka kwa nani? Kutoka kwa vijana wanaoucheza.

Kesi ile iliishia kwa maafikiano ya dola milioni 185 mwaka 2022. Mwaka huohuo wachezaji wa ligi ndogo wakajiunga na chama, na Machi 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Zile 4,800 zikawa 19,800, na ile Double-A ikapanda hadi 30,250. Nawapigia makofi. Lakini soma maandishi madogo: katika mkataba huohuo, idadi ya wachezaji ambao klabu inaweza kuwaweka ndani ya nchi ilipunguzwa kutoka 180 hadi 165. Vilabu 30, watu 15 kila kimoja. Mkate uliongezwa siagi, kisha mezani kukaondolewa viti. Na hiyo ilikuwa baada ya kuzikata timu zaidi ya 40 za miji midogo mwaka 2020, zikabaki 120.

Mojawapo ya timu zilizokatwa ni Frederick Keys ya Maryland. Ilipokosa klabu kubwa ya kuilea, ikawekwa kwenye ligi mpya ya vijana wanaotafuta kuonekana. Na ni kwenye timu hiyohiyo ambapo 2023 alitokea Dennis Kasumba, yule kijana wa Uganda ambaye video zake za kufanya mazoezi na matairi na makopo zilizunguka dunia nzima. Watu walilia, wakashiriki video, wakaandika “Afrika inakuja.” Mimi nilifurahi pia, sina moyo wa jiwe. Ila hakuna aliyeuliza Afrika inakuja wapi. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Sasa kijana wa kigeni anayesaini akiwa na miaka 16 au 17 anaweza kufungwa na klabu moja kwa misimu saba ya ligi ndogo. Saba, kabla hata saa ya ile miaka sita haijaanza kuhesabu. Jumlisha. Mtu anaingia akiwa hajaota ndevu na anaweza kuwa huru akiwa anakaribia thelathini, kama goti litakuwa bado linamsikiliza.

Tena tuna mfano wetu wa Kiafrika, usiende mbali. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyelelewa ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alifanya kazi, alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008. Aliitwa ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza kabisa kufika huko. Zamu yake ya kwanza ya kupiga alimkabili Jon Lester, mmoja wa warushaji waliotwaa ubingwa na wale Cubs wa 2016, na akaupata mpira. Bara zima likapiga vigelegele. Pirates walimtumia katika mechi 28 mwaka huo, wakamshusha, kisha wakamuuza Toronto. Mechi 13 huko. Jumla 41. Simdanganyi mtu: Ngoepe alikuwa mlinzi hodari na mpigaji wa wasiwasi, na pengine hata mfumo wa haki usingempa mechi mia tano. Lakini aliutumikia mfumo huu misimu minane kwa mishahara niliyoitaja hapo juu kabla ya kuonja siku moja ya malipo ya watu wazima. Wale wanaosema ligi ndogo ni “shule” wanisaidie: shule gani inakaa na mwanafunzi miaka minane, inauza tiketi za kumtazama akisoma, halafu inamlipa nauli?

Basi turudi kwa ule uongo, maana ndio unaoniudhi zaidi ya pesa.

Februari 2021, Kevin Mather, rais wa Seattle Mariners, alizungumza na kikundi cha wafanyabiashara kwa njia ya video. Alidhani yuko kwa marafiki. Akaeleza, kwa utulivu wa mtu anayesoma menyu, kwamba kijana wao Jarred Kelenic alikuwa amepewa ofa ya mkataba mrefu akaikataa, na kwamba angeanza msimu Tacoma, ligi ndogo, kwa muda fulani. Akafafanua pia jinsi klabu ilivyoangalia saa ya utumishi kabla ya kuwaita vijana. Akaongeza dharau kwa Kiingereza cha Julio Rodríguez, kijana wa Dominika ambaye leo ndiye uso wa klabu ile. Video ikatoka. Mather akajiuzulu ndani ya siku chache.

Angalia vizuri alichofukuziwa. Kwa habari ya Kiingereza, ni haki yake, alistahili. Lakini kwa habari ya Kelenic, kosa lake lilikuwa kusema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ilifungua mdomo.

Toronto nao? Mwaka 2018 Vladimir Guerrero Jr., akiwa na miaka 19, alipiga kwa wastani wa .381 ligi ndogo. Nambari hiyo ni wazimu. Klabu ikasema ulinzi wake haujakaa vizuri. Ulinzi tena! Huwezi kukuta mpigaji mchanga hatari Marekani ambaye ghafla mwezi wa Machi hana tatizo la ulinzi. Ni ugonjwa wa msimu, kama homa ya mafua, unawapata vijana bora peke yao na unapona katikati ya Aprili bila dawa.

Na usidhani haiwezekani kufanya vinginevyo. Mwaka huohuo wa 2019 ambao Jiménez alivundikwa, San Diego Padres walimweka Fernando Tatis Jr., miaka 20, kwenye kikosi cha siku ya kwanza. New York Mets wakafanya hivyo kwa Pete Alonso. Mbingu hazikuanguka. Miaka miwili baadaye Tatis akasaini na Padres haohao kwa miaka 14 na dola milioni 340. Mtu uliyemheshimu mapema, wakati mwingine, anabaki.

Kama umewahi kufanya kibarua katika jiji hili, hadithi hii unaijua kwa mwili. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Na kila mtu anamjua mtu aliyeambiwa “pumzika wiki mbili, tutakuita” siku chache kabla ya mwezi kutimia. Hakuambiwa ni kwa sababu ya kifungu. Aliambiwa kazi imepungua. Ninyi mnaojua maana ya hiyo “pumzika”, hamna haja ya kufundishwa besiboli.

Mwaka 2022, baada ya wenye vilabu kuwafungia wachezaji nje kwa siku 99, mkataba mpya ulileta dawa mbili. Ya kwanza: mchezaji mchanga akimaliza wa kwanza au wa pili kwenye kura za mchezaji mchanga bora, anapewa mwaka kamili hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Ya pili: klabu ikimweka kijana anayetajwa miongoni mwa mia bora tangu mwanzo wa msimu, naye akashinda tuzo hiyo, klabu inazawadiwa nafasi ya ziada ya kuchagua mchezaji. Dawa zimefanya kazi, nakubali. Mariners walewale wa Mather walimwanzisha Julio Rodríguez siku ya kwanza 2022, akashinda, wakapata zawadi yao. Kwa upande wa pili, Pittsburgh walimweka Paul Skenes chini mpaka Mei 2024, na alipochukua tuzo, mwaka wake alipewa kamili na klabu haikupata kitu. Nilicheka kwa sauti siku hiyo.

Lakini tazama dawa yenyewe imetengenezwaje. Ili urudishiwe mwaka wako, lazima uwe wa kwanza au wa pili katika ligi nzima. Ukiwa wa tatu, siku zako 171 zinabaki 171. Na ili klabu imwambie kijana ukweli kwamba yuko tayari, lazima ihongwe. Hiyo zawadi ni nini kama si hongo ya kufanya jambo lililopaswa kufanyika bure? Mtoto anayekula mboga kwa sababu ameahidiwa soda hajapenda mboga.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu. Wanasema vilabu vya miji midogo, Pittsburgh, Tampa Bay, Kansas City, haviwezi kushindana na New York na Los Angeles kwa mishahara, kwa hiyo ule mwaka wa ziada ndio pumzi yao. Ni kweli pesa haziko sawa. Ila aliyemwekea Bryant siku 171 hakuwa Pittsburgh, alikuwa Chicago, moja ya miji mikubwa kabisa Marekani. Pia, kama matajiri 30 wanaona mmoja wao ni maskini, wana mifuko yao ya kugawana. Kwa nini mchango wa kumsaidia bilionea mdogo utolewe na kijana wa miaka 21?

Ningekuwa na kiti mezani, ningesogeza mstari. Badala ya siku 172, mwaka uhesabiwe kwa yeyote aliyecheza nusu ya msimu, siku tisini na kitu. Utaniambia klabu itamficha kijana mpaka Julai. Ijaribu! Kumficha mtu wiki mbili za baridi ni rahisi, shabiki hata hajanunua kofia mpya. Kumficha kwa miezi mitatu, akiwa anapiga .381 kule chini kila usiku na timu ya juu inapoteza, mbele ya watu waliolipia tiketi, ni aibu ambayo hata ghorofani itasikika. Wazo hili halimalizi uongo. Linaupandishia bei.

Na ningeongeza jambo la pili, ambalo halina gharama. Kila mstari kwenye ile orodha ya kila siku uwe na sababu iliyoandikwa na kusainiwa na meneja mkuu, ihifadhiwe, na mchezaji awe na haki ya kuitoa mbele ya msuluhishi baadaye. Umeandika “ulinzi” tarehe 30 Machi, basi tuonyeshe tarehe 17 Aprili ni nini kilichorekebishwa, na kocha yupi alikirekebisha, na kwa mazoezi gani.

Mkataba wa sasa wa ligi kuu unaisha tarehe 1 Desemba 2026. Watakaa kwenye hoteli, wataleta mawakili, na magazeti yatajaa habari za kikomo cha mishahara ya mastaa, kwa sababu mastaa ndio wanaouza magazeti. Miaka ya utumishi itazungumzwa usiku wa manane, watu wakiwa wamechoka, na itauzwa kwanza kwa kubadilishana na kitu kingine, maana wanaoathirika nayo zaidi ni vijana ambao bado hawajafika ligi kuu na kwa mkataba huo hawana kura.

Msimu utakaofuata, Machi itafika, na klabu fulani itatangaza kwamba kijana fulani ana kipaji cha ajabu lakini anahitaji kazi kidogo kwenye ulinzi wake. Ukiiona habari hiyo, chukua kalenda na uhesabu siku.